Jinsi ya kulielewa neno la Kiebrania "akhbar" (panya) na kulitumia bila kupotosha watu

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la jumuiya hapa Moshi ilirushwa klipu, jamaa anaongea kwa kujiamini kabisa kwamba kwa Kiebrania neno "akbar" maana yake ni panya, kwa hiyo majirani zetu Waislamu wakiadhini "Allahu Akbar" wanamtaja panya. Ndani ya saa moja watu walishaituma kwenye magrupu mengine matatu. Mimi naishi Majengo, ukuta wangu umegusana na ukuta wa familia ya Kiislamu, mama wa pale ndio alinikalia na watoto wiki mbili nilipolazwa, iliniuma sana nikasema hapana, hili lazima nilikalie chini nilieleze vizuri. Nilijifunza Kiebrania kidogo kidogo kwa mchungaji mmoja aliyesoma theolojia chuo cha Makumira, sio bingwa, ila neno hili nimelipitia mstari kwa mstari na nitakupitisha na wewe kwa njia ileile niliyopita mimi.

Chukua Biblia yako, kalamu, na simu yenye programu ya Biblia inayoonyesha maneno ya asili.

Anza na herufi, usianze na sauti

Hapa ndio wengi wanaanguka. Wanasikia sauti, wanakimbilia maana. Sisi wenyewe tunaishi mji unaoitwa Moshi na kila asubuhi tunawasha kuni zinatoa moshi, hakuna anayesema vitu hivi viwili ni kimoja eti kwa sababu vinatamkwa sawa. Kaa wa baharini, kaa la moto, na kaa kitako, maneno matatu tofauti. Sasa kama ndani ya lugha moja tu mambo yako hivo, ukivuka kwenda lugha nyingine inabidi uwe makini mara mbili.

Neno letu linaandikwa hivi: עכבר. Kiebrania kinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo herufi ya kwanza ni hiyo ya kulia kabisa, inaitwa ayin (ע), inafuata kaf (כ), alafu bet (ב), mwisho resh (ר). Herufi nne. Irabu zinaandikwa kwa vidoa na vimistari juu na chini ya herufi, ikiwa kamili inakuwa עַכְבָּר.

Kutamka: akh-bar. Silabi mbili, na mkazo unakaa mwisho, kwenye BAR, sio kama Kiswahili chetu ambacho mkazo unapenda kukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Hiyo kaf hapo katikati haina kidoa ndani yake, na kaf isiyo na kidoa inatamkwa "kh", ile kh ya kooni ambayo watu wa Pwani na Unguja wanaitoa vizuri wakisema "kheri" au "Khamisi". Sisi wa huku bara tunasema "heri" na "Hamisi" tunaimeza, kwa hiyo ifanyie mazoezi. Bet yenyewe ina kidoa ndani, ndio maana inabaki "b", ingekosa kidoa ingekuwa "v".

Umeona jambo hapo? Neno la panya lina sauti ya KH, wakati kwenye adhana ni K. Kabla hata hatujafika kwenye maana, klipu imeshakosea kwenye kutamka tu.

Alafu nenda uone panya mwenyewe anafanya nini kwenye mistari

Neno hili sio la kawaida kwenye Agano la Kale, linatokea mara 6 tu, yani unaweza kuyasoma yote kwa jioni moja na chai yako ikiwa bado ya moto. Kwenye namba za Strong, ile orodha inayolipa kila neno la asili la Biblia namba yake, ni namba 5909, ukiiandika hiyo kwenye programu inakuletea mistari yote.

Ya kwanza ni Mambo ya Walawi 11:29, kwenye orodha ya viumbe najisi vinavyotambaa. Pale akhbar ametajwa tu, yuko katikati ya orodha, hatuelezwi chochote kuhusu tabia yake. Kwa hiyo mstari huu peke yake hautoshi kukwambia ni panya wa aina gani, panya wa nyumbani au wa shambani au buku.

Utamu uko 1 Samweli sura ya 6. Hapo ameingia mara nne: mstari wa 4, wa 5, wa 11 na wa 18. Wafilisti walikuwa wamelichukua sanduku la agano, wakapigwa na majipu, wakaita makuhani wao wawaulize la kufanya, wakaambiwa lirudisheni na sadaka: majipu matano ya dhahabu na panya watano wa dhahabu, kwa hesabu ya wakuu wao watano, wa Ashdodi, Gaza, Ashkeloni, Gathi na Ekroni. Mstari wa 5 ndio unakufungulia maana, kwa sababu hapo panya wameelezwa kazi yao: ni wale "wanaoiharibu nchi". Nchi hapa ni ardhi, mashamba, mazao. Huyu sio kapanya kamoja kanakokwaruza kwenye dari usiku. Ni kundi linaloingia shambani. Mtu aliyelima mpunga Mabogini au mahindi kule Kahe hahitaji kuelezwa zaidi, anajua maana ya kuamka asubuhi ukakuta mashina yamekatwa kama kwa kisu, na ndio maana mimi naona mkulima wa kwetu anaisoma hiyo sura vizuri kuliko mtu wa ghorofani.

Kuna wafafanuzi wanasema majipu na panya pamoja yanaashiria tauni, ule ugonjwa wa viroboto wa panya, ule uliowatesa watu wa Lushoto kule Usambara kwenye miaka ya 1980 na 1990. Inawezekana. Ila ukifundisha, sema wazi kwamba ni maoni, manake mstari wenyewe hausemi panya walileta majipu, unasema waliharibu nchi. Nimewahi kulisema hili kwenye kipindi kama ni jambo lililoandikwa, nikaja kurudi wiki iliyofuata kulisahihisha mbele ya watu.

Mara ya 6 ni Isaya 66:17, watu wanaojitakasa kwenye bustani kwa ibada zao za kipagani na kula nyama ya nguruwe, machukizo, na akhbar. Hapo panya ameingia kama chakula kilichokatazwa, inatupeleka moja kwa moja kule Walawi 11.

Ukishayasoma hayo utakuwa umejua kitu ambacho kamusi haikwambii kwa haraka: akhbar ni neno pana. Linafunika panya wadogo na jamaa zao wa mashambani, kama sisi tunavyosema "panya" kwa wengi tu. Usilibane kwa spishi moja.

Umbo la neno likibadilika

Umoja ni akhbar, wingi ni akhbarim. Ukitaka kusema "yule panya" unaweka ha- mbele: ha'akhbar. Na ukiunganisha na neno lingine, kama sisi tunavyoweka "wa" katikati, Kiebrania hakiweki neno la kuunganisha, kinabadilisha mwisho wa neno la kwanza, ndio maana "panya wa dhahabu" (wengi) ni akhberei zahav. Ukiliona "akhberei" kwenye 1 Samweli usidhani ni neno jipya, ni walewale. Kwenye mstari wa 5 utakuta akhbereikhem, yani "panya wenu".

Neno lina jinsia ya kiume kisarufi hata kama panya mwenyewe ni jike. Hilo lisikusumbue.

Sasa tofautisha na ndugu wa uongo

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio kiini cha ile klipu.

Kuna maneno matatu yanachanganywa. La kwanza ni la Kiebrania, akhbar, panya, linaanza na ayin. La pili ni la Kiarabu, akbar, "mkubwa zaidi" au "mkuu kuliko wote", linaanza na alif. La tatu nalo ni la Kiarabu, akhbar, wingi wa khabar, na hili unalijua vizuri sana kwa sababu ndio limetupa "habari", unalitumia kila siku ukikutana na mtu barabarani.

Ukimuuliza mtoto yeyote wa madrasa hapa Njoro au Pasua, hata wa miaka saba, atakwambia alif na ain ni herufi mbili tofauti. Ndio kama jina Amina na jina Aisha, kwa herufi zetu yote tunaanza na A lakini kwa Kiarabu Amina anaanza na alif na Aisha anaanza na ain. Kiebrania nacho kina alef yake na ayin yake, hazichanganywi. Panya ana ayin. Akbar ana alif. Ukiwa na herufi tofauti mwanzoni, na sauti tofauti katikati, huna neno moja, una maneno mawili yaliyopishana njiani.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Kwenye neno la panya, ayin ni sehemu ya mwili wa neno, ukiitoa hakuna panya tena. Kwenye akbar ya Kiarabu, ile alif ya mwanzo ni kiungo tu cha kulinganisha, mzizi wenyewe ni herufi tatu K-B-R, zenye maana ya ukubwa. Kabir ni mkubwa, akbar ni mkubwa zaidi, vilevile saghir ni mdogo na asghar ni mdogo zaidi. Ni mashine ileile. Na huo mzizi K-B-R umefika mpaka kwenye Kiswahili, neno "kiburi" limetoka humo, mtu wa kiburi ni mtu anayejikuza. "Takbira" nayo ni ya humohumo.

Sasa swali zuri la kujiuliza ni hili: huo mzizi K-B-R wa Kiarabu una ndugu wa kweli kwenye Kiebrania? Ndiyo anaye. Anaitwa kabir, כביר, namba 3524 kwenye Strong, maana yake mwenye nguvu, hodari, mkuu. Na unajua ametumika wapi? Ayubu 36:5. Anasemwa Mungu. Kiebrania chake kinaanza hen El kabir. Mimi nilipoukuta mstari huo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya, kwa sababu yule jamaa wa klipu alikuwa anatafuta panya kwenye Kiebrania na pale pale kwenye Biblia yake mwenyewe kuna neno lenye mzizi uleule wa akbar na linamtukuza Mungu.

Usimchanganye na wanyama wengine

Ukisoma tafsiri mbalimbali utaona majina yanapishana, kwa hiyo ujue hawa watatu.

Kholed ni mnyama anayetajwa kabla tu ya panya kwenye Walawi 11:29. Biblia yetu ya Union imeweka kicheche, wengine wanasema fuko. Kwa Kiebrania cha leo kholed ni mnyama wa kama fuko, kipofu, anaishi chini ya udongo, na yeye ni jamii ya panya kweli. Khuldah, neno la karibu na hilo, leo ndio panya mkubwa, yule wa kwenye mitaro. Watu wa mitaani Israeli humwita pia akhberosh, yani ukitaka kusema panya mkubwa usitumie akhbar, ukitaka panya mdogo ndio akhbar.

Shafan ni yule ambaye Union inamwita wibari, sisi tunamjua kama pimbi, wako kwenye mawe na kwenye misitu ya Kilimanjaro na Meru, usiku yule wa mitini analia sauti ya kutisha utadhani mtu ananyongwa. Anafanana na panya mkubwa asiye na mkia na watu wanamweka kundi la panya, lakini siye, wataalamu wa wanyama wanasema jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva. Kwa hiyo ukimkuta shafan kwenye Walawi 11:5 au Mithali 30:26, usimtafsiri panya.

Na sasa fungua 2 Wafalme 22:14. Huu mstari naupenda jamani. Mfalme Yosia, mwaka wa 18 wa ufalme wake, kimeonekana kitabu cha torati hekaluni, anatuma watu wakamuulize Bwana. Waliokwenda ni Hilkia, Ahikamu, Akbori, Shafani na Asaya, wakamwendea Hulda nabii mke. Angalia majina kwa Kiebrania: Akbori ni akhbor, ni neno letu la panya. Shafani ni pimbi. Na Hulda ni khuldah. Watu watatu wa heshima kubwa, ofisi ya mfalme na nabii wa Mungu, wana majina ya wanyama wadogo, wawili kati yao ni wa kwenye orodha ya panya na fuko, na hakuna aliyewadharau. Huku kwetu pia watu wanaitwa Simba, Chui, Nyoka, Sungura, na ni majina ya ukoo ya watu wazima wenye wajukuu. Akbori mwingine yuko Mwanzo 36:38, baba yake Baal-hanani mfalme wa Edomu. Kwa hiyo hata kama neno akhbar lingekuwa limeingia mahali, lenyewe sio tusi. Ndani ya Biblia limebebwa na watu kama jina.

Kulitumia kwenye mazungumzo ya leo

Kama unajifunza Kiebrania cha kuongea, au unapokea wageni kwenye safari za mlimani na wengine wanatoka Israeli, sentensi hizi zitakusaidia:

Yesh akhbar bamitbakh. Kuna panya jikoni.
Ani ro'eh akhbar. Naona panya (akisema mwanaume). Mwanamke anasema ani ro'ah akhbar.
Shnei akhbarim. Panya wawili.
Malkodet akhbarim. Mtego wa panya.

Na usishangae ukiingia duka la kompyuta ukasikia akhbar, manake ile ya kushika mkononi kwenye kompyuta nayo wanaiita akhbar, kama sisi tunavyoiita kipanya. Mambo ya lugha ni hayo, sisi kifaa cha kukunia nazi tunakiita mbuzi na hakuna anayekipeleka malishoni. Ukitaka kumtaja panya mdogo kwa mapenzi, sema akhbaron.

Wana na msemo, hahar holid akhbar, "mlima umezaa panya". Unatumika pale watu wametangaza jambo kubwa, mikutano, mabango, mwisho kinatoka kitu kidogo hakionekani. Umetoka kwenye Kilatini cha zamani ila Kiebrania wameshaufanya wao. Mimi naona sisi tunaolala chini ya Kilimanjaro tungeuelewa haraka.

Ila usemi ninaoupenda kuliko yote uko kwenye Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, Gittin 45a, kwa Kiaramu, lugha ndugu ya Kiebrania, humo neno letu linakuwa akhbera: lav akhbera ganav, ela khora ganav. "Mwizi sio panya, mwizi ni tundu." Yani panya peke yake hawezi kuiba kama hana tundu la kupelekea mali. Unatumika kwa wanaopokea vitu vya wizi, asingekuwepo mnunuzi mwizi angepeleka wapi. Sisi tuna "njia za panya", kila mtu wa Holili na Tarakea kule mpakani anaijua hiyo, na ukiweka misemo hii miwili pamoja utaona panya kote kote ametumika kueleza njia ya siri, sio unyama wake.

Kwenye Talmudi ya Yerusalemu panya wanaitwa waovu, na sababu wameitoa: wakiona mazao mengi wanaita wenzao waje kula. Mwenye ghala la mahindi atasema amina.

Jinsi ya kuijibu klipu kama ile

Usijibu kwa hasira, na usiandike risala ndefu, watu hawasomi. Fanya hivi nilivyofanya mimi. Nilipiga picha ya maneno mawili yakiwa yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi moja, juu עכבר, chini yake أكبر, nikachora duara kwenye herufi ya kwanza ya kila moja. Nikatuma voisi ya dakika moja na nusu, nikasema hii ni ain na hii ni alif, muulizeni mwalimu yeyote wa madrasa na mchungaji yeyote aliyesoma Kiebrania, watawaambia kitu kimoja. Alafu nikaomba kila aliyeituma klipu kwenye grupu lingine aende akaifute huko pia, sio hapa tu.

Mmoja alinipigia akaniuliza, sasa wewe unawatetea? Nikamwambia fungua Ayubu 36:5 usome wote, usiishie kwenye neno kabir. Akafungua nikiwa kwenye simu. Mstari unasema Mungu ni mkuu mwenye uwezo, na neno linalofuata pale pale ni kwamba hadharau mtu.

Akanyamaza kidogo, akasema ngoja niifute.